Kolamu Uliyoificha Hujaifuta

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, kuanzia Tandahimba mpaka Liwale, vyama vya msingi vinapata makarani wapya. Kijana katoka chuo, anajua kompyuta, mwenyekiti anamwita "mtaalamu" mbele ya wakulima. Mnada wa pili haujaisha, mtaalamu kashafanya makosa yaleyale tuliyoyafanya sisi tuliomtangulia, tena kwa mpangilio uleule, utadhani kuna mahali yanafundishwa. Mambo ya mizani, unyevu na madaraja mtafundishwa ghalani, na kwa ukali. Mimi naongelea orodha ya wakulima, ile yenye majina, NIDA, simu, akaunti na kilo, ambayo mnaibeba kwenye fleshi moja na nyimbo.

1. Namba ya NIDA si namba. Ina tarakimu 20, na Excel inashika 15 za mwanzo tu. Tano za mwisho inazigeuza sifuri kimyakimya, halafu kwenye seli inakuonyesha kitu kama 1.97E+19. Kijana akiona hivyo anatanua kolamu, anabadilisha muundo, namba inatokea ndefu na nzuri, anashukuru Mungu. Zile tano zimeshakwenda na hazirudi, hata ubadilishe muundo mara kumi. Kolamu ifanye ya maandishi kabla hujaandika chochote, au andika na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho. Kisha hesabu kwa fomula ya LEN: 20 bila vistari, 23 na vistari. Ikija 22 kuna kidole kiliteleza. Ugonjwa huohuo unakula sifuri ya mbele ya namba ya simu na ya akaunti. Malipo yakirudishwa na benki, angalia hapo kwanza kabla hujamlaumu mkulima kwamba kaleta akaunti mbovu.

2. Ukipanga majina kwa alfabeti, chagua jedwali zima. Excel inakuuliza kabisa kama ipanue eneo au iendelee na kolamu uliyoshika, na wenye haraka wanaendelea. Majina yanajipanga, akaunti zinabaki palepale, na kila mkulima anakuwa na akaunti ya jirani yake.

3. Hapa tukae kidogo, maana hili ndilo linaloniumiza kila nikiliona.

Wakulima wanataka kujua kilo zao na malipo yao, na wana haki. Wako kwenye grupu la WhatsApp, wanauliza tangu alfajiri. Karani ana faili lenye kila kitu. Anafikiria kidogo, anakumbuka faragha (hapo anastahili pongezi), anazishika kolamu za NIDA, simu na akaunti, anabofya kulia, anazificha. Kwenye skrini kunabaki majina, kilo na shilingi. Safi. Analituma.

Sisi tuliotangulia tulifanya hivyo misimu na misimu, tena tukijisifu kwamba tunajali. Tena tulifundishana. Ukweli ni kwamba kolamu iliyofichwa inasafiri na faili. Anayelipokea anaona herufi za juu zinaruka kutoka B kwenda F, na mwenye kujua Excel hata kidogo hilo ndilo jambo la kwanza kuliona. Anazishika B na F kwa pamoja, anabofya kulia, anazifichua. Sekunde tano. Hajavunja pasiwedi ya mtu, hajadukua kitu, umempelekea mwenyewe.

Na grupu la chama halina wakulima peke yao. Kuna watoto wao walioko Dar, kuna dereva, kuna mtu aliyeongezwa msimu wa mwaka juzi na hakuna anayemkumbuka. Kuna wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa magendo kwa bei ya kutupa, ambaye anachotaka kujua ni nani ana kilo ngapi na nani kabanwa. Ukishtuka una siku mbili na ushei za kufuta ujumbe kwa wote, lakini aliyekwisha kulihifadhi pembeni au kulisambaza anabaki nalo.

Mtaniambia: akaunti peke yake haitoi hela. Kweli, haitoi. Inachofanya ni kumfanya tapeli aaminike. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" siku hizi hata bibi anazicheka. Sasa sikilizeni hii: "Shikamoo mama, napiga kutoka benki. Umeuza kilo 412 mnada wa pili, akaunti yako inaishia na 73, sawa? Malipo yamegonga mwamba. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi, nisomee niyaachie." Kilo ni zenyewe. Akaunti ni yenyewe. Mnada ni wenyewe. Kwa nini asisome? Zile namba sita ndizo zinazomruhusu tapeli kuingia kwenye huduma kwa jina la mama, na hazikuwemo kwenye orodha yetu. Vilivyokuwemo ni vile vyote vilivyomfanya mama azitoe. Na simu hizo hupigwa siku ya malipo, kwa sababu tarehe ya mnada inajulikana wilaya nzima.

Kibaya zaidi, mama akiulizwa atasema alipigiwa na benki. Mwenyekiti atasema benki wana majambazi. Karani ataitikia, na msimu ujao ataficha kolamu zilezile.

Kwa hiyo: fungua faili jipya, nakili kolamu zile tu zinazotakiwa, bandika thamani bila fomula, hifadhi kama PDF, tuma hiyo PDF. Ukilazimika kutuma Excel yenyewe, ingia menyu ya Faili, sehemu ya Info, kuna ukaguzi wa faili unaotafuta kolamu, mistari na shiti zilizofichwa. Na jedwali la pivoti (lile la muhtasari, pivot table) usilitume hata siku moja: linabeba nakala ya data yote tumboni, mtu akibofya jumla mara mbili linamwaga mistari yote.

Wanaotuma picha badala ya faili wana dhambi yao ndogo. Kalamu ya kuangazia kwenye simu, hata ukiisugua mara tatu juu ya namba, haizibi. Mtu anapandisha mwanga wa picha, namba inachungulia. Kata picha, au weka pande jeusi tii.

4. Kuzuia shiti isihaririwe si kulifunga faili. Pasiwedi inayolinda ni ile ya kufungulia, iko Faili, Info, kulinda kitabu. Iseme kwa mdomo, usiitume kwenye meseji inayofuata faili. Ukiisahau Excel haikusaidii, kwa hiyo iandike kwenye bahasha ikae kabatini na muhuri.

5. Stationeri. Umeme umekatika ofisini, umekimbilia mjini kuchapisha, umefungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya watu. Kabla hujaondoka toa kifaa hicho kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa ndani ya simu yako, futa faili kwenye folda ya vilivyopakuliwa, kisha mwaga na pipa la taka. Kufunga dirisha la kivinjari si kutoka. Na weka uthibitisho wa hatua mbili: Mipangilio, Akaunti, chagua PIN ya tarakimu sita. Dakika moja, na hakuna anayefanya mpaka siku akaunti yake ianze kukopa hela kwa wajumbe wa bodi.

6. Akili mnemba. Naona mnaibandikia orodha nzima na kuiambia "nisafishie." Kwanza, umewatoa wakulima wa chama kizima kwenye seva usizozijua, na huduma nyingi za bure hutumia mazungumzo kujifunzia usipozima mpangilio huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, inataka taarifa iliyokusanywa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo. Mkulima alikupa NIDA alipwe korosho, apate na salfa ya ruzuku. Pili, ukiipa mistari 400 inaweza kukurudishia 396 na isiseme neno. Iombe fomula kwa majina ya kubuni, Mkulima A na Mkulima B, halafu fomula hiyo itumie mwenyewe kwenye faili lako. Hapo inasaidia kwelikweli, sikatai.

7. Wazee wakija kurekebisha taarifa, wasaidie kupiga *106# waone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yao. Mara nyingine kuna laini mzee hajawahi kuishika. Hiyo ifutwe kwa mtoa huduma akiwa na kitambulisho chake, na namba ya tapeli anayesumbua itumwe kwenda 15040.

Ukutani bandika namba ya mkulima ya chama (si ya NIDA wala ya simu) na kilo, inatosha. Na kabla ya siku ya malipo watangazie wakulima namba moja ya ofisi ya kuulizia. Mama akiipigia kuuliza kama ni kweli benki inataka asome zile namba sita, pokea, hata kama ugali uko mkononi. Ana kama dakika mbili hivi, maana yule mwenzake bado yuko hewani kwenye laini ya pili.