Kisiwa cha Prince Edward kiliingia Kanada lini

Wapo wanaosema Kisiwa cha Prince Edward kiliingia 1867, mwaka muungano wa Kanada ulipoundwa. Hapana, si 1867. Kilijiunga tarehe 1 Julai 1873, kikawa jimbo la saba. Kinachowachanganya watu ni ule mkutano wa Septemba 1864 uliofanyika Charlottetown, mji mkuu wa kisiwa, ambako mazungumzo ya muungano yalianzia. Kisiwa kilikuwa mwenyeji, ila masharti yalipokuja wenyewe wakayakataa.

Kilichowarudisha mezani ni deni la reli. Walianza kuijenga 1871, gharama zikawashinda. Kanada ikakubali kulibeba deni hilo, kugharamia meli za mvuke za kwenda bara, na kutoa fedha za kuwalipa wenye ardhi waliokaa Uingereza. Hilo la ardhi lilikuwa donda la siku nyingi: mwaka 1767 karibu kisiwa kizima kiligawiwa kwa bahati nasibu London, wakulima wakabaki kulipa kodi kwa mabwana wasiowahi kuwaona.

Kuhusu serikali: bunge ni moja, lina wabunge 27, na waziri mkuu wa jimbo anatoka humo. Luteni Gavana anamwakilisha mfalme. Mabaraza ya bunge hilo yalikuwa mawili hadi 1893. Na anayesema kisiwa hiki ni "wilaya tu" kwa vile ni kadogo, hapana ndugu, ni jimbo kamili, na lina maseneta 4 kule Ottawa.