Tukio likitajwa, lazima lisimuliwe?

Ndugu, umeuliza kama kila vita mnavyovitaja kwenye hadithi za anga mnazoandika wewe na wenzako wawili katika ulimwengu mmoja wa kubuni, lazima mmoja wenu avisimulie. Hapana, msijitwishe mzigo huo. Katika filamu ya Star Wars ya 1977, kijana Luke anavitaja Vita vya Clone kwa kupita tu, akiongea na mzee Obi-Wan aliyevipigana. Watazamaji wakasubiri hadi filamu ya 2002 ndipo wakaviona vikianza. Miaka 25 ya kujiuliza, na utamu ulikuwa humo humo. Ile safari ya Kessel anayojisifia rubani Han Solo kwenye filamu hiyo ya 1977 ilioneshwa katika filamu ya 2018. Mimi niliipenda zaidi ilipokuwa majigambo ya mdomo.

Ila wekeni daftari moja: nani kataja nini, mwaka gani, nani kafa. Mwenzako akimfufua marehemu wako bila kujua, wasomaji watawaumbua.