Mume akinibusu akiwa na udhu, au mchana wa Ramadhani

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mke wa mtu, naishi Ngamiani, Tanga. Mume wangu akishatia udhu hunibusu shavuni ndipo aende msikitini. Mama mkwe anasema udhu umekwisha, na kwamba tukifanya hivyo Ramadhani tutalipa kafara ya siku 60. Tena shemeji yangu amewakataza watoto kumbusu bibi yao mkono, eti ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Tushike lipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Kwenye udhu mama mkwe wako kasema kweli. Kwenye kafara amezidisha.

Sisi watu wa mwambao tumesomeshwa fiqhi ya Imamu Shafi. Kwake, ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu wake (yaani ndugu asiyeweza kumwoa kamwe) pasina kizuizi, udhu wa wote wawili umetenguka, wawe na matamanio wasiwe nayo. Na mke si maharimu. Dalili ni aya ya 43 ya Suratun Nisaa: “au mmewagusa wanawake.” Maimamu wa madhehebu nyingine hawakukubaliana naye: Abu Hanifa alisema mguso huo ni kuingiliana, basi busu halitengui, Malik akaangalia kama pana ladha. Wasiotengua wanayo hadithi ya Bi Aisha, mke wa Mtume, kwamba Mtume (s.a.w.) alimbusu mmoja wa wakeze akatoka kuswali bila kutia udhu upya. Urwa, mpwa wa Bi Aisha, akamwambia, “Ni nani huyo kama si wewe?” Bi Aisha akacheka. Imo katika vitabu vya hadithi vya Abu Daud na Tirmidhi, ila Imamu Bukhari aliidhoofisha. Basi mumeo asiache kukubusu. Akubusu kwanza, udhu akautie birikani huko huko msikitini. Akimbusu mama yake mzazi, au binti yenu, udhu wake hauna neno, maana hao ni maharimu wake.

Ramadhani ni habari nyingine. Bi Aisha huyo huyo kasimulia kuwa Mtume alikuwa akibusu naye amefunga, kisha akaongeza kwamba Mtume ndiye aliyemiliki zaidi matamanio yake. Watu hupenda kuishia nusu ya kwanza! Sayyidna Umar alipombusu mkewe hali amefunga alikwenda kwa Mtume na hofu, akaulizwa: waonaje lau ungesukutua maji? Kusukutua hakufunguzi, lakini anayejijua atameza asisukutue. Kwa hiyo mumeo kama ni mwepesi wa kupandwa na matamanio, kubusu mchana ni haramu kwake. Akitokwa na manii kwa busu, saumu imebatilika: atajizuia siku iliyobaki, na atailipa siku hiyo moja, pamoja na toba. Kafara ya siku 60 ni ya aliyeingiliana.

Shemeji yako mwambie taratibu, maana ni kijana na ana hamasa. Sayyidna Umar alilibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba huku akisema anajua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume akilibusu asingelibusu. Busu si sijida. Bi Fatma, binti wa Mtume, babake akimwendea, alikuwa akisimama, akimshika mkono na kumbusu. Imamu Nawawi kasema kubusu mkono wa mtu kwa ucha Mungu au elimu yake kunapendeza. Alichokikemea ni kuubusu kwa ajili ya mali na cheo. Bibi wa Ngamiani ana cheo gani? Waacheni wajukuu wambusu, naye awabusu. Al-Aqra bin Habis alijisifu kuwa ana watoto 10 na hajambusu hata mmoja, Mtume akamjibu: asiyehurumia hahurumiwi.

Wallahu aalam.