Mama hakunisomesha nikatunze maua ya watu

*Shikamoo Shangazi.*

*Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Mbezi, Dar es Salaam. Nina shahada ya uhasibu na huu ni mwaka wa sita niko kwenye ofisi ya mikopo midogo midogo. Kazi yangu ni kufuatilia marejesho: kupiga simu, kubembeleza, kutishia, kuandika nani kalipa na nani kazima simu. Mshahara ni 650,000, na katika huo namtumia mama 100,000 kila mwezi. Jioni nikirudi sina hamu hata ya kula.*

*Raha yangu ni bustani. Pale ninapopanga mwenye nyumba aliniachia uwanja niutumie, nikapanda nyasi, bogenvilia na maua mengine, sasa wapita njia wanasimama kuangalia. Jumamosi nikiwa pale sisikii njaa wala saa. Majirani wawili waliniomba niwatengenezee za kwao, wakanilipa vizuri. Nataka niache ofisi, hii ndiyo iwe kazi yangu.*

*Nilipomwambia mama alilia. Alinisomesha kwa kuuza vitumbua Muheza. Akaniuliza, "Nimekusomesha ukawe shamba boi?" Mjomba naye anasema tumeshapeleka posa kwa watu, je, washenga wakiulizwa kijana anafanya kazi gani wajibu nini? Shangazi, nina wazimu? Nifanyeje?*

*Msomaji wako, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Wazimu huna. Haraka unayo, na kwenye kazi unayoitaka haraka huua miche.

Nianze na mama, maana naona ndiye anayekukosesha usingizi. Mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua ili wewe ukae kwenye kiti cha ofisi humshindi kwa maneno ya kufuata ndoto zako. Usijaribu hata. Katika machozi yake yale, mengi ni ya ile 100,000. Hajui kama mtunza bustani anaweza kuituma tarehe ileile, mwezi baada ya mwezi, bila kukatika. Na wewe hujui. Mko sawasawa, ila yeye amesema.

Hiyo picha aliyonayo kichwani nayo hakuitunga. Kijana analala chumba cha uani, anafungua geti, anaosha gari, anatumwa mkate, na katikati ya hayo yote anafyeka nyasi. Analipwa akikumbukwa. Mama ameona vijana wa namna hiyo maisha yake yote, nami nimewaona, na bado wapo. Fulana yenye jina la kampuni haitamwondolea picha hiyo, wala cheti. Itaondoka siku wewe utakapokuwa na kauli kwenye bustani ya mtu. Tajiri anasema, "Kata huu mwarobaini." Unamjibu, "Mama, tukiukata, jua la mchana litaingia sebuleni moja kwa moja, na haya maua ya kivuli yaliyo chini yake yataungua ndani ya wiki. Niachie nipunguze matawi ya upande wa ukuta, kisha uangalie." Akikubali, akakulipa kwa jibu hilo, hapo umeshakuwa fundi.

Lakini jibu la aina hiyo linataka ujue, na mapenzi ya Jumamosi hayatoshi. Huku kwetu Tanga tuna kisa ambacho kila mwenye kutaka kazi hii angekijua. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya huku, alipeleka kwao maua madogo ya zambarau aliyoyakuta Usambara. Mwaka uliofuata wataalamu wakayapa jina la Saintpaulia, na hadi leo yamejaa kwenye vyungu madirishani huko Ulaya na Marekani. Sisi wenyewe wengi hatuyajui. Sasa mteja wako wa Masaki atakuonyesha picha yake kwenye simu, atake uyapange kwenye baraza linalopigwa na jua la saa nane mchana. Huko kwao msituni yanaota kwenye miamba yenye unyevu, kivulini. Ukimkubalia umepata pesa ya siku moja, na baada ya hapo jina lako litatajwa Masaki kwa ubaya. Bogenvilia ni kinyume chake. Asili yake Amerika Kusini, jua ndiyo chakula chake, na ukiinywesha kila siku inakupa majani mengi na maua ya kuhesabu. Kabla ya kushika jembe uliza mmea umetoka wapi, huko ulikuwa unaishije, na hapa utakuta nini.

Na hapa Pwani utakuta chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari maji yake si ya kumwagilia kila kitu, kwa hiyo usichukue kazi ya nyumba kabla hujajua maji yanatoka wapi. Nyasi za paspalamu zinaivumilia chumvi. Nyingi nyingine zitakuwa njano wewe ukilaumiwa. Jifunze pia mimea inayodhuru. Minyaa watu wanaipanda ua bila kufikiri, na utomvu wake ukiruka jichoni siku unapopogoa utaiona hospitali. Oleanda ina maua mazuri na ni sumu kuanzia jani hadi mzizi. Nyumba yenye watoto wanaotambaa, kataa.

Pa kujifunzia hapakosi. Hapo hapo Dar, jirani na Makumbusho ya Taifa, iko bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Nenda na daftari siku ya mapumziko, uzungumze na wanaoitunza. Ukipata nauli panda hadi Amani, huko Usambara, ilipoanzishwa ile bustani kubwa ya majaribio mwaka 1902, uone miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia jinsi ilivyopokelewa na milima yetu. Na Muheza utapita, umsalimie mama. Ukiamua kusoma darasani, Tengeru kule Arusha wanafundisha kilimo cha bustani kwa miaka mingi, na Sokoine, Morogoro, wana shahada yake. Sikwambii uanze na shahada nyingine. Anza na wauza miche wa kando ya barabara. Wale wanajua kipi kinakufa na kipi kinashika, na ukinunua kwao mara kwa mara watakwambia bure.

Sasa pesa. Hapa nikae kidogo, maana wengi wanaoniandikia kuhusu kazi za mikono wananiambia wanachokipenda, hesabu hawanipi, na wewe mhasibu mzima umefanya vivyo hivyo.

Majirani wawili walikulipa vizuri kwa kupanda. Sawa. Hujaniambia bustani zao zikoje leo. Nani anamwagilia? Ulirudi kuangalia? Wanaoingia kazi hii wote hukimbilia kupanda, kwa sababu siku ile pesa inaonekana na picha inapendeza. Tuseme umepewa 600,000 kutengeneza uwanja wa mbele wa nyumba. Toa miche, toa samadi na udongo, toa kirikuu ya kubeba, toa kijana wa kukusaidia kuchimba. Ukibaki na 150,000 shukuru Mungu, na mteja huyo hatakuita tena mpaka ajenge nyumba nyingine. Tuseme badala yake nyumba inakulipa 80,000 kwa mwezi, unafika mara moja kwa wiki: unakata nyasi, unapogoa, unapalilia, unaweka mbolea, unaangalia wadudu. Nyumba kumi za hivyo ni nyumba mbili kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni 800,000. Toa nauli, mafuta ya mashine, kijana wako, na mwezi ambao wawili hawakulipa. Bado hujaufikia mshahara wako wa sasa, lakini unaona njia, na mwezi ujao pesa hiyo inarudi bila kutafuta mteja mpya. Kupanda kukuletee wateja. Ule kwenye matunzo.

Kwenye matunzo hayo, andika makubaliano hata kama ni karatasi moja, na sentensi ya kwanza iseme nani anamwagilia siku ambazo wewe hupo. Mlinzi atasema ni kazi ya dada wa ndani, dada atasema ni ya mlinzi, na Januari nyasi zikikauka wote watatu, pamoja na mwenye nyumba, watakuangalia wewe.

Usikope kununua mashine ya kukata nyasi. Wewe ndiye unayejua kuliko mimi mkopo wa biashara changa unavyofuatiliwa. Anza na fyekeo, reki, toroli na mkasi mzuri wa kupogolea. Mashine kodi mpaka nyumba zifike tano. Kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kupata namba ya mlipakodi najua hutashindwa. Na hiyo miaka sita ya kudai watu usiitupe. Mafundi wengi wa bustani wanajua maua vizuri sana, wanachoshindwa ni kumpigia tajiri simu tarehe tano na kumwambia, kwa heshima, kwamba pesa haijaingia. Wewe umelipwa mshahara kwa kujifunza hilo.

Swali lililobaki ni gumu zaidi, nalo ni kama kazi hii itakuridhisha kweli. Raha ya Jumamosi unaipata kwenye uwanja usio na bosi. Bustani ya mteja ni yake. Utatunza nyasi miezi minane, kisha bwana ana kitchen party ya binti yake: wataletwa viti mia mbili, matenti yatachomekwa nguzo, muziki hadi usiku, na Jumatatu utakuta uwanja kama stendi ya daladala. Utang'oa kinachokufurahisha kwa sababu shemeji wa mwenye nyumba hapendi rangi yake. Ukiweza kuanza upya pale bila kununa, kazi ni yako.

Kuna mtu namfikiria katika hili. Bamburi, Mombasa, palikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji, ardhi imekwanguliwa hadi matumbawe makavu, na maji ya chini yake chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyetoka Uswisi, akaanza kupanda miti pale. Alijaribu aina 26, akabaki na chache, mvinje ukiwa mbele yao. Mivinje ikashika, ikakua, ikadondosha majani yake yaliyo kama sindano, na sindano zikalala pale bila kuoza. Miti ipo, udongo hakuna. Ndipo akaleta majongoo. Majongoo yakala zile sindano, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na leo pale ni msitu wenye viboko na twiga, watu wanalipa kiingilio. Mimi nampendea majongoo kuliko twiga. Twiga kila mtu angewafikiria, ila kuchuchumaa chini ya mti ukijiuliza kwa nini majani hayaozi, hiyo inataka mtu ambaye kazi imemwingia. Ukijiona una tabia hiyo, huko ndiko kuridhika kwenyewe kulipo, na mshahara wowote wa ofisi hautakupa.

Kwa hiyo usiache kazi sasa. Vuli inakuja Oktoba. Chukua bustani mbili au tatu za matunzo, za kulipwa, uzifanye Jumamosi na Jumapili. Mvua ikinyesha kila mtu ni fundi, usijisifu bado. Subiri Januari na Februari, jua likikaa juu ya Dar na maji ya bomba yakianza kuja kwa zamu. Kila shilingi ya bustani iandike kando, na 100,000 ya mama kwa miezi hiyo itoke humo humo, mshahara usiuguse. Ikitoka mfululizo hadi Machi, nenda Muheza na daftari hilo ukamwonyeshe. Mama aliyehesabu faida ya vitumbua kwa senti atalisoma vizuri kuliko washenga. Isipotoka, utakuwa bado na kazi yako, na bustani ya nyumbani itabaki raha ya Jumamosi, jambo ambalo si aibu hata kidogo.

Mjomba mwambie washenga waseme ukweli wa siku watakayoulizwa. Wakiulizwa leo, wewe ni mhasibu. Wakiulizwa Aprili, huenda ukawa na biashara ya kutunza bustani, nyumba kadhaa na kijana uliyemwajiri. Yote mawili yanatamkika mbele za watu.

Ila mwanangu, umeniandikia mama kasema nini na mjomba kasema nini. Huyo binti uliyempelekea posa hayumo kwenye barua. Ndiye atakayekula kwa pesa hiyo, atakayefua nguo zenye tope, atakayekaa na wewe Februari nyasi za watu zikikauka. Mtafute wiki hii, kabla hujafanya lolote kati ya haya niliyoyasema, na umweleze mwenyewe, na hesabu zako mkononi. Asilisikie kwa shangazi yake.