Mikunjo ya "duaradufu kubwa"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri ikisiri ya tasnifu ya mdogo wangu anayesoma hisabati. Inahusu "hyperelliptic curves", yaani mikunjo yenye milinganyo kama y² = x⁵ − x + 1. Nimeandika "mikunjo ya duaradufu kubwa", naye kacheka hadi akakohoa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mwache acheke, ila jina lenyewe lina mtego.

Duaradufu ni neno zuri mno. Lipasue: duara, kisha dufu, yaani hafifu. Wagiriki nao, tangu Apollonius wa Perga, mwanahisabati wa kale, waliliita umbo hilo kwa neno lenye maana ya upungufu. Tumekutana nao bila kupeana miadi.

Lakini mikunjo ya mdogo wako si duaradufu hata kidogo. Mlinganyo wa duaradufu hauvuki kipeo cha 2. Wanahisabati wa zamani walipotaka kupima urefu wa kipande cha mzingo wake, waliangukia kwenye integrali, yaani hesabu za kujumlisha vipande vidogo mno, zenye kipeuo cha pili cha usemi wa kipeo cha 3 au cha 4. Integrali hizo zikarithi jina la Kigiriki la duaradufu, zikaitwa eliptiki, na mikunjo kama y² = x³ − x + 1 ikalirithi kutoka kwa integrali. Ni jina la ukoo tu. Mzee Simba wa mtaani kwetu naye hana mkia. Kipeo cha x kikifika 5 na kuendelea, ndipo huongezwa "hipa", Kigiriki cha kupita. Hapo hakuna kubwa wala ndogo: kuna ngazi iliyopitwa.

Kosa la pili ni hiyo "ya". Mkunjo wa duaradufu ni mkunjo ulio mali ya duaradufu, na msomaji atauona mzingo wake. Tumia kivumishi kisichobeba kiambishi, kama safi au rasmi: mkunjo hipaeliptiki, mikunjo hipaeliptiki. Wapo watakaoandika haipaeliptiki kwa kufuata haidrojeni. Mimi siipendi. Jicho likiona "haipa" husubiri kitenzi cha kukanusha: haipatikani, haipandi.

Neno "mkunjo" lenyewe usiliguse. Najua linanukia pasi na kanga, lakini "tao", ambalo ungeweza kulishika badala yake, vitabu vya shule vimekwisha kulifunga kwenye kipande cha mzingo wa duara, na hapa hakuna duara la kukatwa kipande.