Ufunguo wa Gari Ukipotea, wa Akiba Usikudanganye

Siku ufunguo wa gari langu ulipopotea, nilichowaza ni namna ya kufika nyumbani tu. Nilipekua suruali, koti na begi, nikarudi kichwa chini njia nzima kutoka maegesho hadi mlango wa ofisi. Hola. Nikampigia mke wangu, akaniletea ufunguo wa akiba, gari likawaka, nikamshukuru Mungu na kuona yameisha.

Aliyenizindua ni rafiki yangu mmoja, fundi umeme wa magari. Nilimsimulia mkasa wenyewe kama kichekesho. Hakucheka. Akaniuliza: "Kwa hiyo sasa hivi gari lako lina madereva wangapi?"

Ufunguo ukipotea kuna matatizo mawili, na wengi wetu tunashughulikia moja. La kwanza, wewe huna ufunguo. La pili, huenda mwingine anao. Wa akiba unatibu lile la kwanza peke yake. Aliyeuokota hana haja ya kuvunja kioo wala kuchezea nyaya. Alamu haitamlilia, imobilaiza (mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambuliwa na gari) haitamzuia, maana kwa gari lako yeye ndiye wewe.

Mimi nilikuwa nimezidisha. Kwenye pete ya ufunguo nilining'iniza kibao cha plastiki chenye namba ya gari, nikijiona mjanja, kwamba msamaria mwema atajua pa kuupeleka. Hata asiye msamaria alijua. Na hata bila kibao, ufunguo wenye rimoti hujitangaza wenyewe: mtu anapita kwenye maegesho akibonyeza kitufe, gari litakalopepesa taa ndilo hilo. Nami nilikuwa naegesha palepale kila siku.

Rafiki yangu alifungua bonneti, akasoma mchoro ulio nyuma ya mfuniko wa kisanduku cha fyuzi, akachomoa rilei ya pampu ya mafuta. Ni swichi ya umeme inayoiwasha pampu, kidude cheusi, kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Akaniambia niwashe. Gari likawaka, likanguruma sekunde chache kwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba, kisha likakohoa na kuzima. "Mpaka tufanye kazi yenyewe," akasema, "hii iwe inalala mfukoni mwako." Nilikubali shingo upande. Kila nikiegesha, bonneti juu, nachomoa. Nikitaka kuondoka, narudisha. Wenzangu kazini wakaanza kunipa pole kwa gari kuwa bovu.

Jioni ya siku ya nne niliingia garini, miguu haikufika kwenye pedali. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Kioo cha kati kimeinuliwa juu. Droo ya dashibodi iko wazi. Hakuna kilichovunjwa, mlangoni hakuna hata mkwaruzo. Mtu mwenye miguu mirefu kuliko yangu alifungua kwa ufunguo wangu, akaketi, akajirekebishia kioo kama mtu anayeanza safari, akawasha, likamzimikia. Nilikaa pale kitambo nikiipapasa ile rilei mfukoni.

Kwa bahati kadi ya gari nilikuwa nimeshaitoa kwenye droo. Fanya hivyo saa ileile unapogundua ufunguo haupo, na kama ulikuwa kwenye pete moja na wa nyumbani, kitasa cha nyumba nacho kinakuhusu. Toa taarifa polisi ili uwe na karatasi yenye tarehe, na ijulishe kampuni yako ya bima. Gari likiibwa, kampuni nyingi za bima hutaka ukabidhi funguo zote, na mtu anayepeleka mmoja bila maelezo huanza kuulizwa maswali yasiyopendeza. Mimi nilienda polisi baada ya kiti kusukumwa. Nilichelewa siku nne.

Sasa kazi yenyewe. Ndani ya kichwa cha funguo nyingi za kisasa mna chipu ndogo isiyotumia betri. Ukiingiza ufunguo kwenye swichi, koili inayozunguka swichi huipa chipu umeme kidogo, nayo hujibu kwa namba yake. Kompyuta ya gari ikiitambua, injini inaruhusiwa kuwaka. Ndiyo maana betri ya rimoti ikifa gari bado linawaka. Huu ndio imobilaiza. Magari madogo mapya Ulaya yamelazimika kuwa na mfumo huu tangu 1998, na Kanada tangu 2007, ila umri wa gari pekee hautoshi kukuhakikishia kwamba lako linao. Muulize fundi.

Kama unao, ufunguo uliopotea unaweza kufutwa. Fundi huchomeka mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, anafuta namba zote zilizosajiliwa, kisha anaandikisha upya zile za funguo ulizo nazo. Kwa hiyo nenda na funguo zako zote. Utakaoacha nyumbani utafutwa pamoja na wa mwizi. Ulizia rimoti pia, kwa sababu kwenye magari mengi usajili wake uko mbali na wa chipu. Chipu inaweza kuwa imefutwa na kitufe bado kikafungua milango.

Hapo wengi huondoka wameridhika, na hapo ndipo mimi nabisha. Ufunguo uliofutwa hauwashi gari, sawa. Lakini ile chuma yake haijabadilika, na kitasa cha mlango hakijui habari za kompyuta. Mtu bado anafungua na kuchukua chochote kilichomo. Basi badilisha na vitasa. Si lazima ununue vipya: fundi wangu alikifungua cha mlango wa dereva mbele yangu, akanionyesha vipande vyembamba vya shaba vyenye vimo tofauti, akavipanga upya na kunichongea ufunguo wa kufuatana navyo. Akafanya vivyo hivyo kwenye swichi na buti, nikabaki na ufunguo mmoja badala ya kundi. Kwa gari la zamani lisilo na chipu hili halina mjadala, maana huko chuma ndiyo kila kitu.

Fundi mzuri atakuuliza uthibitisho kwamba gari ni lako. Usikasirike. Anayechonga funguo bila kuuliza atamchongea na mwenzako. Simama hapo hadi amalize, na ukitoka hakikisha hujaacha kile kibati chenye namba ya ufunguo kinachokuja na gari jipya, kwa kuwa anayejua namba hiyo anaweza kuchongesha mwingine.

Kama kazi hiyo haiwezekani leo, usiliache gari hivihivi usiku. Rilei ni ya bure. Kufuli la usukani linaloonekana kupitia kioo linasaidia, maana ufunguo wako haulifungui. Baadaye fundi umeme anaweza kukuwekea swichi ya siri ya kukata mafuta, mahali unapopajua wewe tu. Usiiweke chini ya usukani, ndipo kila mtu hupapasa kwanza. Kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti ni kizuri, ila hicho hukwambia lilipo likishaondoka. Na ile tabia ya kuficha ufunguo wa akiba kwenye kikasha cha sumaku chini ya gari, iache kabisa.

Magari yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe yana mambo yaleyale, pamoja na hili: ndani ya rimoti kwa kawaida kumefichwa ufunguo mdogo wa chuma wa mlango. Ukiipoteza rimoti umepoteza vyote viwili.

Ukiokota ufunguo wako baadaye, au ukiletewa, usikimbilie kuurudisha kwenye mfumo na kusahau. Siku ulizokuwa nje zinatosha kuchonga wa chuma unaofanana nao, na chipu nyingine hunakiliwa pia.

Jambo moja sikulitarajia. Kabla ya kufuta, mashine ya fundi ilionyesha idadi ya funguo zilizosajiliwa kwenye gari langu, kitu ambacho magari mengi yanaweza kuonyesha. Nilinunua gari hili likiwa limetumika, nikapewa funguo 2, moja ikapotea. Mashine ilisoma 4.