Mwenzangu anaandika "k", mimi "kilo_zilizopimwa"

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mwenzangu tunatengeneza programu, kwa lugha ya kompyuta ya Python, ya kukokotoa malipo ya wakulima wa korosho, ya chama kimoja cha msingi huku Tandahimba. Yeye anajongeza mistari (kuisogeza ndani mwanzoni) kwa kitufe cha Tab, mimi kwa nafasi nne. Kilo za mkulima yeye anaziita "k", mimi "kilo_zilizopimwa". Fanksheni yangu, yaani kipande cha programu chenye kazi moja, ya "kokotoa_malipo_ya_mkulima_baada_ya_kutoa_makato_yote" anasema ni barua ya posa. Kila asubuhi nakuta amebadili kazi yangu ya jana, nami namrudishia. Wiki nzima hatusemeshani, na msimu unafunguliwa Oktoba. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mna magomvi mawili, na la kwanza limalizeni leo. PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python wa mwaka 2001, unataka nafasi nne. Wanaoandika kiini cha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wanatumia Tab, upana wake nafasi nane. Kazi za wote zinakwenda. Kibaya ni kuchanganya: Python 3 ikikuta Tab na nafasi zimevurugwa pamoja, inagoma. Kwa kuwa mko kwenye Python, chukueni nafasi nne, na kupanga mistari iachieni programu kama Black iwafanyie kila mnapohifadhi. Asubuhi hutakuta cha kurudisha.

Majina ndiyo yanayoniuma. Niliwahi kuandika programu kama yenu hapa Lindi, "k" ikiwa kilo. Baada ya miezi minane nikarudi kuongeza kato jipya, nikaisoma "k" kuwa ndiyo kato, nikaitoa kwenye malipo. Aliyeleta kilo 412 akakatwa shilingi 412 zisizostahili. Programu haikulalamika, maana namba ni namba. Karani ndiye aliyeona kwamba kwa kila mkulima kato linalingana na kilo zake. Tukawafuata mmoja mmoja na daftari kuwarudishia. Mzee mmoja hakunigombeza, aliniuliza tu pale niliandika nini. Nilishindwa kumjibu, na mpaka leo nalikumbuka swali lake.

Kwa hiyo kwenye majina niko nawe, ila si kwa yote. Lile la barua ya posa mwenzako kasema kweli: "malipo_halisi" linatosha, makato yataonekana ndani. Na jina "i" kwenye kitanzi (sehemu inayojirudia) cha mistari mitatu halimpotezi mtu, mwachie.

Kesho mpe ukurasa wako asome bila wewe kufungua mdomo, nawe usome wake. Kila mnaposimama kuuliza, jina hilo libadilishwe, liwe lako au lake. Fanyeni hivyo kabla ya mnada wa kwanza. Bei zikishaanza kupanda na kushuka, na wakulima wamejaa mlangoni kwa karani, hamtapata nafasi ya kuulizana "k" ni nini.